Raba, katambuga na mguu usiosikia: nilivyopata kiatu cha kupandia baiskeli

Wakuu, habari za kutwa. Wakubwa zangu shikamooni, tunaolingana mambo vipi.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena. Kwanza mimi nimeishia darasa la saba, nukta na mkato zikikaa vibaya mnivumilie. Pili, habari yenyewe ni ya viatu. Mtu anaweza kusema huyu naye, wenzake wanaleta mambo ya maana, yeye analeta soli.

Ila ni mguu wangu mwenyewe, sikusimuliwa. Nitasema kama ilivyokuwa. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Na pale ambapo mwenzangu angeweza kuliona jambo vingine, nitasema pia, maana hayupo humu ajitetee.

Kuna wanaokumbuka niliwahi kuuliza hapa: kiatu gani kinafaa kwa mtu anayepanda baiskeli ya kawaida, si ya mashindano? Mlinijibu wengi. Huu ndio mrejesho. Umechelewa, samahani.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Haneti. Asili yangu Iringa, Mhehe. Nilikuja huku kutafuta maisha nikaoa hukuhuku, mke wangu Mgogo.

Baiskeli yangu ni ile nyeusi ya chuma, ambayo huku kama mtu hana basi baba yake anayo. Naendea kibandani kwangu, mashineni, kanisani, mnadani. Na ukweni, ambako ni kitongoji cha mbali kidogo. Unavuka korongo, halafu unafuata njia za ng'ombe.

Sasa.

Nilianza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi na bado kiu haiishi. Mke wangu, Mama Amani, akanisukuma mpaka nikaenda hospitali mjini Dodoma. Wakapima. Sukari.

Sukari yenyewe haikunishtua sana, kwa kuwa sikuwa naijua. Kilichonishtua ni jambo lingine.

Nesi mmoja, mama mtu mzima, aliniambia nivue viatu, nilale kitandani, nifumbe macho. Mkononi alikuwa na kitu kama kipande cha mshipi wa kuvulia samaki.

Akasema, "Nitakugusa nyayo. Kila ukisikia nimekugusa, sema ndiyo."

Nikafumba macho. Nikasubiri. Nikawaza labda anaandaa vifaa vyake. Nikasema ndiyo mara moja, alipogusa karibu na kifundo. Baada ya hapo kimya.

Nikaona nimsaidie. "Nesi, mimi niko tayari, unaweza kuanza."

Akasema, "Baba, nimeshamaliza miguu yote miwili."

Wakuu, nilifumbua macho nikaangalia miguu yangu kama ya mtu mwingine.

Alinieleza bila kunitisha. Akasema kuanzia sasa macho yangu ndiyo yatasikia kwa niaba ya nyayo. Kila jioni niikague miguu. Nisitembee peku hata uani. Nivae kiatu kilichofunika vidole, kisichobana, na kabla ya kuvaa nipitishe mkono ndani.

Nikamuuliza, "Na baiskeli?"

"Panda tu, tena panda sana, mwili unataka kutingishwa. Ila usipande na ndala."

Nje kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja wa rika langu, suruali yake upande mmoja imekunjwa na kufungwa na pini. Sikumuuliza. Alisema mwenyewe. "Kijiwe tu ndugu yangu. Kiliingia kwenye kiatu nikashinda nacho, sijui kama kipo."

Nilirudi Haneti nikiwaza jambo moja. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Baiskeli ni ya kukanyaga. Mguu ukienda, vyote viwili vimekwenda, na Mama Amani atabaki na mume wa kukaa kwenye kiti.

Lakini nikiri jambo. Niliona kuhusu ndala nesi kazidisha. Huku nusu ya watu wanapanda baiskeli na ndala na wanafika. Nikasema nitatafuta kiatu taratibu, kwa sasa niende hivihivi.

Siku moja natoka mashineni na debe la unga kwenye keria. Nikafika nyumbani, nikaegesha, nikaanza kufungua kamba. Mama Amani alikuwa anapepeta uwele. Akaniangalia chini, akaniangalia usoni.

"Baba Amani, kiatu kimoja umemwachia nani?"

"Kiatu gani?"

Mguu wa kulia ulikuwa na ndala. Wa kushoto peku, una vumbi mpaka kwenye kifundo. Nimekanyaga pedeli ya chuma njia nzima na unyayo mtupu na sikujua.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sijawahi kusikia mtu akikisema. Ndala unaishika wewe, yenyewe haikushiki. Vidole vinaibana bila wewe kufikiri. Vidole vikiacha kusikia vinaacha na kubana. Kwa mtu mwenye miguu mizima sisemi ndala ni mbaya. Kwangu mimi iliishia siku ile. Ile iliyobaki Mama Amani aliitundika mlangoni. Nilipomuuliza ya nini, akasema, "Ya kukukumbusha ubishi."

Ndipo nikaja humu kuuliza.

Mmoja alisema moka. Mwingine akasema buti za kazini, akaweka na picha. Mwingine akasema panda peku kama Wagogo, nikacheka, ingawa huyo angejua asingesema. Wengi mlisema raba, zile nyepesi za kukimbilia, soli nene laini.

Buti nilijaribu za kuazima. Ni imara kweli, siwezi kuzisingizia. Ila kwangu zilikuwa nzito, na soli ile kama ubao. Mguu wangu hausikii, halafu na kiatu nacho hakisikii, basi nilikuwa natafuta pedeli kwa macho kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Moka zilikuwa zinateleza, soli yake ni ya kutembelea ofisini. Kwa mwenye njia ya lami labda zinafaa.

Raba nikazipata mnadani, mtumba, za kijivu. Muuzaji alinipa nijaribu zote mbili na nitembee nazo mpaka kwenye vibanda vya nyama na kurudi. Mtu mwaminifu. Nilizinunua jioni kwa makusudi, maana nesi alisema jioni mguu unakuwa umevimba kidogo, kiatu kikikutosha jioni hakitakubana asubuhi. Hilo lichukueni hata msio na sukari.

Nilizipenda zile raba, wakuu. Vidole vina nafasi, kisigino kimekaa. Kamba nilikuwa nachomeka ncha zake ndani, kwa sababu wiki ya kwanza moja iliingia kwenye cheni ikanivuta mguu nusura nianguke mbele ya kanisa. Kwaya nzima ilikuwa nje.

Nikaona nimepata. Nikawasifu moyoni mlionishauri.

Kumbe kuna kitu sikuwaambia, na hapo kosa ni langu si lenu. Sikuwaambia njia yangu ikoje.

Huku kwetu kiangazi njia imejaa miba. Kuna mbigili, vile vijiba vidogo vya chini vinavyotoboa tairi. Halafu kuna miba ya migunga, mirefu na myeupe, inadondoka na kulala njiani ikiangalia juu.

Siku hiyo naenda ukweni peke yangu. Kabla ya korongo mbigili ikanipa pancha. Nikashuka, nikakokota baiskeli kuvuka mchanga, nikaziba pancha upande wa pili, nikapanda, nikaendelea. Safari nzuri tu, upepo unanisukuma mgongoni. Nikasalimia, nikala ugali wa uwele na mlenda, nikarudi.

Jioni navua. Soksi ya kushoto imegandana na unyayo, na katikati ina doa jeusi. Mama Amani akaleta taa karibu, akageuza kiatu. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepita kwenye ile soli laini kama sindano kwenye godoro. Nimekanyaga pedeli nao kwenda na kurudi, kila nikikanyaga nauzamisha.

Mama Amani akawasha moto. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akaniosha, asubuhi akanipeleka zahanati mwenyewe. Kidonda kilichukua muda mrefu kupona. Kiasi gani sikumbuki, ila nakumbuka nilikaa bila kukanyaga cherehani mpaka wateja wa sare wakachukua vitambaa vyao. Siwalaumu, shule zilikuwa zinafunguliwa.

Kila asubuhi alipokuwa anafungua bandeji nilikuwa naangalia ukutani. Namwona yule mzee wa kwenye benchi.

Kilipopona, tukaenda ukweni wote wawili. Habari ilishafika kwamba mkwe kachomwa mwiba. Ila habari ya sukari haikufika. Hiyo nilimkataza Mama Amani asiseme kwao.

Sababu yangu nitaieleza ingawa sijui kama ni nzuri. Mimi ni mtu wa kuja. Nilihofia baba mkwe atasema binti yangu nimempa mtu wa miguu miwili, sasa anabakiwa na nini? Hakuwahi kusema hivyo. Hakuna aliyesema. Maneno hayo nilimwekea mdomoni mwenyewe, halafu nikayaogopa.

Baba mkwe wangu anaitwa Mzee Mazoya. Ni mfugaji, mkavu, mfupi, ana kauli. Utani kwake sithubutu, huyo ni mkwe. Utani ni wa shemeji yangu Lameki, mdogo wake Mama Amani, maana Wahehe na Wagogo ni watani, na Lameki nafasi hiyo haiachi ipite.

"Mbukwa!" akanipokea kwa salamu ya Kigogo. "Jamani njooni mwone, Muhehe kachomwa mwiba mmoja akalala kama kajifungua!"

"Lameki, niheshimu, nimekuolea dada."

"Ndiyo maana nakuhurumia. Huko kwenu Iringa miba ipo, au mnaisoma kwenye vitabu?"

Mzee Mazoya hakucheka. Aliomba raba. Akaibonyeza soli kwa kidole gumba, kidole kikazama. Akaniangalia.

"Mkwe, hiki ni kiatu au mkate?"

Hapo hata Mama Amani alicheka.

Tulipokwenda tena, mzee alinipa katambuga. Kwa wasiojua, ni kandambili nzito za tairi la gari, zina mikanda ya mpira imepigiliwa kwa misumari midogo. Alizikata mwenyewe. Aliziweka mapajani kwangu kwa mikono miwili.

"Huu mwiba wa Ugogo unaogopa kiatu cha Ugogo. Vaa hizi, panda baiskeli yako."

Wakuu, mkwe akikupa kitu alichokitengeneza kwa mkono wake, unakipokea na unaonekana nacho. Si sheria imeandikwa mahali, lakini jaribu kukirudisha uone. Na kusema haki, zilikuwa kazi nzuri. Soli ile mwiba hauwezi. Niliipenda kwa macho.

Ila vidole viko nje. Mikanda ni migumu. Na nesi alisema kiatu kifunike vidole.

Nikafanya akili ambayo nikiiandika hapa naona aibu kidogo.

Mnajua desturi ya huku. Mtu anayekwenda kanisani au ukweni na baiskeli, viatu vizuri anavitundika kwenye usukani au anaviweka kwenye mfuko, njiani anavaa ndala. Akikaribia anakaa pembeni, anapangusa vumbi, anavaa viatu, anafika mtu safi. Akiondoka anavua, anarudia ndala zake. Kila mtu anafanya hivyo.

Mimi nikaanza kufanya kinyume. Njiani navaa raba, nimeshazitia kipande cha ngozi ndani kuzuia miba. Nikifika kwenye korongo, kabla ya boma la mkwe kuonekana, nakaa kwenye jiwe, navua raba, navaa katambuga, naingia kwa mkwe nimevaa zawadi yake.

Siku moja mama mmoja alipita na ndoo kichwani. Akasimama.

"Baba, samahani. Unaenda au unarudi?"

"Naenda, mama."

Akaangalia raba ninazozificha kwenye mfuko, akaangalia katambuga. Akaondoka taratibu akigeuka geuka, nadhani alikuwa ananiombea.

Mzee Mazoya alikuwa anafurahi akiniona nazo. "Umeona? Miba imekwisha?" Nami najibu imekwisha, baba. Na kweli miba ilikuwa imekwisha, kwa hiyo sikumdanganya kwa maneno. Ila mnanielewa.

Niliendelea hivyo kiangazi karibu chote.

Siku iliyonikamata ilikuwa Jumapili mchana, naenda kusalimia baada ya ibada. Nimekaa kwenye jiwe langu. Mguu wa kulia una katambuga tayari, wa kushoto nimevua raba, nimevua na soksi. Mara nasikia mbuzi. Sikujali, mbuzi ni wengi.

Kumbe kisima cha kule juu kilikauka na mzee alikuwa kachimba maji mapya mchangani, kwenye korongo hilohilo. Kichwa chake kikatokea chini ya ukingo, fimbo begani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akapanda juu. Akaangalia raba, akaangalia katambuga, akaangalia mimi. "Unavaa au unavua?"

Nikajifanya napangusa vumbi kwenye soksi.

"Zinakubana?"

"Hapana, baba."

"Zimekatika?"

"Hapana, baba."

"Unazionea aibu."

Hilo ndilo lililoniuma. Nikasema hapana, baba, haki ya Mungu. Lakini kwa macho yake ingekuwa nini kingine? Mimi ningekuwa yeye ningewaza hivyohivyo.

Akachuchumaa ili aokote katambuga ya kushoto. Akiwa pale chini akaushika mguu wangu. Akaugeuza ubavuni.

"Hiki kidonda kina siku ngapi?"

"Kidonda gani, baba?"

Kando ya kidole kidogo, pale mkanda unapopita, ngozi ilikuwa imetoka, pekundu, pembeni pameanza rangi ya maziwa. Mimi kila jioni nilikuwa nakagua unyayo, chini, kwa sababu mwiba ulinifundisha kuangalia chini. Ubavuni sikuwa naangalia.

Mzee alitazama huku na huku, akaokota mwiba.

"Fumba macho."

Nikafumba. Nikasikia mbuzi wanakohoa. Nikasikia upepo kwenye migunga. Nikasubiri. Nilijua sasa kinachoendelea, ila nilisubiri tu.

Nikasema taratibu, "Baba, umeshaanza?"

"Fumbua."

Alikuwa kachuchumaa bado, mwiba mkononi, uso umebadilika. Nikamwambia yote. Sukari, nesi, ndala iliyopotea, mzee wa kwenye benchi. Nikamwambia na yale maneno niliyomwekea mdomoni.

Mbuzi walikuwa wameanza kupotea, akarusha jiwe kuwarudisha. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika siku ileile ili nisije nikayabadilisha:

"Mkwe, mimi nilikutengenezea kiatu cha mtu anayesikia. Ungesema, ningekutengenezea cha kwako."

Basi. Hakusema binti yangu. Hakusema miguu miwili.

Alinilazimisha kukaa kwenye keria, akakokota baiskeli mwenyewe mpaka nyumbani kwake, mbuzi wametangulia. Nilimwomba, baba niache nishuke, mkwe kumkokota mkwe si heshima. Akasema, "Nyamaza, unanichosha."

Lameki alituona tunaingia. "Baba! Huyu Muhehe umemkamata wapi, na anauzwa kwa kilo?"

"Leta maji ya moto," mzee akamwambia. Lameki alipoisikia sauti ile, akaleta bila utani. Nilifungwa vizuri, na kesho yake Mama Amani akanipeleka zahanati. Safari hii tuliwahi. Kidonda kilifunga bila makubwa, namshukuru Mungu.

Alisema pia kitu kimoja njiani, Mama Amani. "Nilikwambia tuseme." Mara moja tu. Hajawahi kurudia. Ningekuwa mimi ningerudia kila siku.

Nilipopona, Mzee Mazoya akaniita. Nikamkuta na kipande cha tairi, upande wa ubavuni ambako ni pembamba na hakuna waya. Akaomba raba zangu, zile mkate. Akachora soli yake kwa mkaa.

Tulibishana, sitaki kuficha. Yeye alitaka kupigilia misumari, mimi nikasema msumari ukichomoza ndani sitausikia. Akakubali. Mimi nilitaka soli iishie sawasawa na kiatu, yeye akataka kisigino kitokeze kidogo nyuma. Nikaona ni ubaya tu wa kutazama. Baadaye nikashuka kwenye mchanga wa korongo nikaona faida yake, kisigino hakizami. Alikuwa sahihi.

Yeye alikata, mimi nikashona. Gundi kwanza, halafu shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na uzi wa nailoni, mshono wa kuzunguka. Nimeshona magauni ya harusi, lakini sijawahi kushona kitu mkwe ameketi mbele yangu anahesabu pumzi zangu. Mwisho akachanja mistari ya kukingama kwenye soli, ishike pedeli, maana pedeli zangu mpira ulishaisha zimebaki chuma.

Lameki akaja kuviangalia vilipoisha. Akaviinua, akavigeuza.

"Juu mjini, chini porini. Hivi ni viatu au ni ndoa ya dada yangu?"

Mzee alicheka siku hiyo. Ni mara chache, nasema ukweli.

Navivaa mpaka leo ninavyoandika. Ni vizito kuliko raba, vyepesi kuliko buti. Mbigili zinakwama chini kama vifungo, nikifika nazing'oa kwa koleo. Miba ya mgunga inakatikia hukohuko.

Kliniki nilivipeleka nesi avione. Alivibonyeza, akaingiza mkono, akacheka, akaita na mwenzake. Akasema nje pagumu ni sawa, ila ndani paongezwe ulaini. Nikakata kipande cha blanketi nikaweka. Akauliza fundi nani. Nikasema mkwe wangu. Akasema, "Basi una bahati ya ukwe."

Nimewaza sana neno hilo.

Ninachoweza kuwaambia, na labda nakosea kwa sababu mimi ni mtu mmoja na miguu yangu ni hii miwili: kiatu cha baiskeli usikichague dukani peke yake, kichague kwa njia yako na kwa mguu wako. Unapouliza, sema yote mawili. Mimi humu nilisema baiskeli nikaficha njia. Ukweni nilisema njia nikaficha mguu. Kila mtu alinisaidia kwa kadiri nilivyomwambia. Mlioshauri raba, ahsanteni, raba ndiyo ipo juu mpaka leo.

Na mwenye sukari, au anayeamka amka kwa kiu kama nilivyokuwa, nenda ukapimwe, na miguu pia wakupime. Usijipime mwenyewe kama inasikia. Usichosikia hukijui.

Sasa namalizia.

Siku hizi nikifika ukweni, desturi imegeuka. Nasalimia, shikamoo baba, marahaba. Kabla sijapewa hata maji, mzee anasema neno moja: "Mguu."

Mwanzoni nilikuwa naona aibu kubwa. Kumnyooshea mkwe unyayo usoni! Sasa navua, nanyoosha. Macho yake yamepungua siku hizi, kwa hiyo anatumia mikono. Anaanza na kiatu, anaingiza mkono mpaka kwenye vidole, anapapasa. Halafu mguu, chini, ubavuni, katikati ya vidole. Lameki anapita anasema, "Baba ananunua ng'ombe," hakuna anayemjibu.

Jumapili iliyopita alikuwa anapapasa ndani ya kiatu cha kushoto akaacha. Akarudisha mkono. Akatoa kitu, akaniwekea kiganjani.

Kijiwe. Kidogo, cha kama punje ya mtama.

Nilikuwa nimepitisha mkono asubuhi kabla ya kuvaa, naapa nilipitisha. Kiliingia njiani. Nimekuja nacho sijui kuanzia wapi, nikikanyaga pedeli.

Mimi sikukisikia. Alikisikia yeye.

Akakirusha kwa kuku, akasema, "Haya, kaa ule."

Wakuu ni hayo. Wenye njia kama yangu mnavaa nini? Na kama kuna mwenye miguu kama yangu, niambie wewe nani anakukagulia. Picha ya viatu nitaweka Mama Amani akirudi na simu yenye kamera. Mkinikosoa nitasoma yote, na mwenye utani wa Kigogo namkaribisha, nimeshazoea.